Siagi kwenye Viatu vya Dereva

Siku basi la kwanza lilipoanza safari za kila siku kutoka kijijini kwetu kwenda Mbulu mjini, mimi sikushangilia. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na kila mwenye uwezo alikuwa anaruhusiwa kuleta gari lake la abiria. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimemshika mkono mke wa mwanangu, mjamzito, tumbo limeshuka. Muuguzi alishasema nyonga zake ni nyembamba, asijifungulie nyumbani. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, mama yake amebebwa kwenye machela. Sasa tegemeo letu la kufika hospitali lilikuwa hilo basi, na njia yake inashuka mlima, korongo liko upande mmoja.

Katika ukoo wetu bibi harusi haingii ndani kabla wamama hawajampaka siagi miguuni. Wamama wakaamua basi ni bibi harusi wa kijiji. Wakalinyunyizia maziwa kwa majani mabichi, wakayapaka siagi magurudumu. Halafu mmoja akauliza, "Lakini huyu miguu yake hasa ni ipi?"

"Ni dereva! Bila yeye linatembea?"

Dereva akacheka, akanyoosha miguu. "Shikamooni, mama zangu. Pakeni tu, ila mahari sirudishi."

Wakampaka viatu, juu mpaka soli.

Tulipoanza kuteremka, nikaona kiatu chake kinaponyoka kwenye breki. Akakanyaga tena, kikaponyoka tena. Basi likaongeza mwendo. Kila mtu alishika kilichokuwa mbele yake. Kucha za mke wa mwanangu ziliniingia mkononi. Dirishani niliona vilele vya miti ya korongoni, na chini yake sikuona kitu. Nikasema moyoni, Mungu, na huyu wa pili pia?

Dereva akaliegemeza basi kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlimani. Likakwaruza kwa muda mrefu, likasimama. Watu wakamiminika nje, wengine kwa madirisha.

"Mama, mimi nashuka," mke wa mwanangu akasema. "Bora nitembee." Hata hakumaliza, akajikunja. Uchungu ulikuwa umemshika.

Nikamwendea dereva. Alikuwa bado ameng'ang'ania usukani.

"Vua."

"Nivue nini, bibi?"

"Viatu. Ulidhani nini?"

Akavua. Nikamfuta nyayo kwa khanga yangu, mpaka katikati ya vidole. Breki tukaisugua kwa udongo mkavu, yeye na mimi.

"Mama, naogopa," akasema mke wa mwanangu.

"Hata mimi naogopa. Kaa."

Tuliendelea na watu wachache, wengine walikataa kupanda tena. Nilikaa chini, sakafuni, karibu na kiti cha dereva, nikiutazama ule mguu mtupu. Ukikanyaga breki, napumua. Ukiinuka, nabana pumzi. Hivyo hivyo mpaka Mbulu. Hospitalini walimpasua, na mtoto akalia. Niliposikia ile sauti nikakaa kwenye nyasi kama mlevi.

Basi liliendelea na safari zake. Maziwa wamama walilinyunyizia tena, siagi nikapiga marufuku. Mpaka leo nikipanda gari lolote, kabla sijakaa nachungulia miguu ya dereva. Wajukuu wanaona aibu, wanasema, "Bibi, kaa basi." Nakaa nikishaona.