Risasi ya Kidole cha Shahada

Makarius Ngonyani wa Matogoro alikuwa na mazoea ambayo wajukuu wake waliyacheka. Akishikana mkono na mgeni, macho yake yalikwenda kwanza kwenye vidole, kana kwamba anapima kitu. Sasa hayupo wa kuchekwa. Amezikwa wiki ya pili ya Kwaresima, akiwa na rozari mkononi, na waliobaki ndio wanaotazama vidole vyao na kumkumbuka. Mungu amweke pema. Vidole vile vilikuwa na kisa chake, naye alikisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, kwa binti yake Theodosia aliyemuuguza.

Ujanani, kabla ya vita vya Maji Maji, alikuwa mwindaji na fundi wa magobori. Jina la ubatizo alilipata baadaye sana, lakini hapa ataitwa Makarius tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo alilolipenda. Wakati ule bunduki za Ungoni zilikuwa magobori ya kushindiliwa kwa mdeki, ufito wa chuma, kutoka mdomoni, na kila moja ilikuja na upana wake wa mdomo. Hapakuwa na risasi za kununua zinazolingana nazo. Mwenye bunduki alimpelekea Makarius, naye akaingiza kidole mtutuni. Kuna bunduki za kidole kidogo, kuna za kidole cha shahada, hiki cha kunyooshea, na kuna za kidole gumba. Akishajua, alifinyanga kalibu ya udongo wa kichuguu, akaichoma, akayeyusha madini ya risasi na kuyamimina humo.

Watu walimwuliza ipi ni bora. Yeye aliwauliza kwanza wanataka kula nini. Kidole kidogo kinatosha kwa paa na kanga, lakini ukimpiga mnyama mkubwa kama pofu unampa jeraha tu, akafie mbali aliwe na fisi. Gumba linaangusha hata nyati, ila linameza baruti na madini kama mgonjwa wa njaa, na bega linavimba, na mtu anayeogopa bega lake hana shabaha. Yeye mwenyewe alichagua kidole cha shahada. Kwa bunduki hiyo moja aliwinda pongo, kuro na pofu, na jioni akalenga vibuyu kwa kujifurahisha.

Aliyembishia miaka yote ni Abasi, Myao kutoka upande wa Tunduru, aliyemwoa dada yake Subira na kuhamia kwa wakwe. Abasi alikuwa mtu wa gumba. Kila kiangazi walishindana kupiga vibuyu mbele ya kichuguu kikubwa, pale ambapo baadaye Wajerumani walijenga boma, kichuguu kikiwa nyuma yake.

"Mlamu, hiyo yako ni ya kufukuzia kuku," Abasi alimwambia.

"Na yako ni ya kulimia. Tazama udongo ulivyopinduka, na kibuyu kimekaa pale pale kinakucheka."

Boma lilipojengwa, Makarius aliitwa kuwindia nyama ya askari. Akapewa bunduki ya Kijerumani ya kutia risasi kwa nyuma. Mdomo wake haukuingia hata kidole chake kidogo. Ilipiga mbali kweli, lakini alilalamika kwamba inamtoboa mnyama kama sindano inavyotoboa nguo, na nguo haina habari. Hata hivyo mtumishi wa boma hakuruhusiwa kuwa na bunduki mbili. Kwa hiyo gobori lake la kidole cha shahada alimpa Abasi, pamoja na kalibu yake. Abasi alikataa siku tatu. Siku ya nne akaenda nalo mto Hanga, akarudi na pofu aliyeanguka kwa risasi moja, akauza gumba lake kwa mtu wa Madaba, wala hakulitaja tena. Makarius alijiona ameshinda ubishi wa miaka kumi.

Kisha vita vikaja. Watu walikunywa maji ya dawa, wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Makarius alikuwa ndani ya boma na bunduki ya watu, na hakutoka. Jambo hilo lilimwuma mpaka kufa. Alisikia majina ya jamaa zake yakitajwa kwa hesabu ya maiti, naye anachuna swala. Vita vilipovunjika, wakuu na watu wengi walinyongwa Songea, na ikatoka amri magobori yote yaletwe. Yalirundikwa uwanjani kama kuni, kila moja limefungwa kibao chenye jina la mwenyewe.

Askari mmoja wa boma alikuwa ameuawa vitani kwa risasi, akichota maji mto Luhira. Risasi ile ilitolewa mwilini mwake, na bwana wa boma alikuwa ameihifadhi kwenye bahasha. Asubuhi moja alikaa mbele ya lile rundo, akaijaribu kwenye kila mdomo. Kwenye bunduki za kidole kidogo iligoma kuingia. Kwenye za gumba ilitumbukia ikacheza. Katika bunduki moja tu iliingia na kukaa, kama yai kiotani. Kibao kilisema Abasi.

Abasi akaletwa na minyororo. Makarius akaitwa kwa kuwa ndiye fundi, na bwana wa boma akamwambia kwamba akithibitisha tu, shauri litakwisha siku hiyo hiyo. Kamba ilikuwa tayari juu ya mti; haikuwa imeondolewa tangu juma lililopita.

Makarius aliipokea risasi. Hakuhitaji kuipima. Ubavuni ilikuwa na mstari mwembamba, alama ya ufa wa kalibu yake mwenyewe. Tena ilikwaruzwa pande zote sawasawa, maana yake ilitoka katika mtutu iliolingana nao. Alimtazama Abasi, na Abasi akatazama chini. Makarius hakujua kama shemeji yake ndiye aliyepiga. Alijua tu kwamba bunduki ile ni yeye aliyempa, na kalibu ni yeye aliyefinyanga, na kwamba angebaki na gumba lake la kulimia, leo asingekuwa na mnyororo shingoni.

"Fundi, umekuwa bubu?" bwana wa boma aliuliza. "Risasi hii imetoka bunduki gani?"

"Bwana, risasi ndogo huvishwa gome la mti, ikapigwa kwa bunduki kubwa. Watu wakikosa madini hufanya hivyo. Haiwezi kumtaja mwenyewe."

"Hayo ni maneno."

"Basi nionyeshe."

Bwana wa boma alicheka, akakubali, akasema kibuyu kiwekwe mbele ya kichuguu, hatua sitini. Akachagua mwenyewe gobori la gumba kutoka rundoni, la zamani, lenye kutu. Akaongeza kwamba kibuyu kikibaki kizima, atajua kwamba fundi amemdanganya, na kamba ile ina nafasi ya wawili. Wala hakuuliza risasi itatoka wapi. Ilikuwa moja tu uwanjani, nayo ilikuwa mkononi mwa Makarius.

Alimenya gome la mti, akalitafuna likalainika, akaivisha risasi mara mbili. Alipunguza baruti, maana risasi iliyolegea ikisukumwa kwa nguvu huyumba. Alishindilia kwa mdeki taratibu. Bunduki hakuijua, ila aliijua tabia ya ndugu zake: hurusha juu. Akalenga chini ya kibuyu, kwenye kitako. Alisema baadaye kwamba wakati ule hakuwa anamjua Mungu kwa jina, lakini alimwita.

Moshi ulipopungua, kibuyu kilikuwa vipande.

Askari walipiga makofi kwa kujisahau. Bwana wa boma naye alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni. Aliamuru kichuguu kichimbwe, ushahidi wake uletwe. Askari walichimba, wakarudi na kofia iliyojaa madini: risasi za kiangazi baada ya kiangazi, za gumba na za shahada, zote zimebondeka kama maganda ya karanga. Hapakuwa na mtu duniani wa kusema ile ya asubuhi ni ipi.

Bwana wa boma aliimwaga ile kofia miguuni pake. Mwisho akasema Abasi afungwe, afanye kazi ya barabara mwaka mzima, na fundi avunje magobori yote kwa nyundo mpaka yaishe. Makarius aliyavunja siku mbili. Lile la kidole cha shahada alilibakiza la mwisho, na hata hilo akalivunja. Ilipokuja njaa kubwa baada ya vita, mashamba yamechomwa na hakuna bunduki ya kuwindia, Subira alipoteza watoto wawili. Lakini mume wake alirudi, amekonda, anatembea.

Abasi alipotaka kumweleza shemeji yake kilichotokea Luhira, Makarius alimkataza.

"Usiniambie, mlamu. Wakiniuliza tena, nataka niwe sijui."

Hawakurudia neno hilo miaka mingi. Makarius akabatizwa. Kabla ya ubatizo alimsimulia padre kisa chote, akamwuliza kama mtu anaweza kusema uongo kwa kulenga vizuri. Padre alimwambia amwombee yule askari aliyeuawa, maana katika kisa chote kile hakuna aliyemtaja. Tangu siku hiyo, kila mwezi wa Novemba, Makarius alikwenda kanisani kuwaombea wafu, na kila mwaka Abasi, na tasbihi yake, alimsindikiza mpaka mlangoni, akakaa nje kwenye gogo akimsubiri. Watu walidhani ni uzee tu, hawataki kuachana.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, Abasi alimshika Makarius mkono kabla hajaingia.

"Mlamu, huyo askari unamwombea kwa jina gani?"

"Sina jina. Mungu anamjua."

Abasi alitazama kidole chake cha shahada, kilichokuwa kimepinda kwa uzee.

"Aliitwa Farajala," akasema. "Niliuliza, mwaka ule wa barabara. Alikuwa na mama."

Hapo Makarius akajua. Hakuingia kanisani siku ile. Alikaa kwenye gogo karibu na shemeji yake, wakasali pale nje wote wawili, kila mmoja kwa sala zake. Na Theodosia, aliyekuwa naye mpaka usiku ule alipokata roho, anasema kwamba kila baba yake alipotaja wafu wake, Farajala alimtaja kwanza, kisha Abasi, bila kupumua katikati.