Mwanapunda Aliyefichwa Jikoni

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nikiishi Ndalu na Kukhu, mama yake baba, wakati punda wetu alipozaa kabla ya siku zake kutimia. Mtoto alitoka mdogo, masikio yamelala, miguu haina nguvu ya kusimama. Kukhu alimfunika kwa leso yake akambeba hadi jikoni. Alivyolelewa yeye, kichanga dhaifu, awe wa mtu au wa mnyama, haonyeshwi watu wa nje mpaka kitovu kikauke. Kuna watu, alisema, wakitazama kitu kichanga kinanyauka.

Watu hao, kwetu, walikuwa mtu mmoja: Mama Njoki, mjane jirani yetu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika shamba la farasi karibu na Kitale, akilea watoto wa farasi waliozaliwa wagonjwa. Alipohamia kwetu, ndama wawili walikufa baada ya yeye kuwaangalia, na sifa hiyo ikamganda. Akipita njiani, sisi watoto tulifukuza vifaranga vyetu ndani ya nyumba. Mimi nilifanya hivyo nikicheka.

Asiwepo wa kusema Kukhu hakumpenda yule mwanapunda. Alimsugua mbavu kwa gunia, akamwashia moto, akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mengi yalitokea puani. Punda mama alifungwa nje, akilia mpaka sauti ikakwaruza.

Asubuhi ya pili Kukhu alienda sokoni kutafuta dawa, akaniachia mlango.

"Mtu asiingie," akasema. "Hata akiwa pasta."

Hakuwa amefika mbali Mama Njoki alipokuja. Alikuwa amesikia punda akilia. Alisimama uani, mikono imeshika kikombe kisafi, akaniuliza kama mtoto amesimama. Nikasema amesimama. Akauliza kama ananyonya. Nikasema ananyonya sana.

Akamtazama punda. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe kwenye chuchu, mazito, ya njano, yanaingia mchangani.

"Huyu hajanyonywa, mami," akasema polepole. "Hiyo maziwa ya kwanza ndiyo dawa yake. Bila hiyo hatamaliza leo. Wacha nimwone kidogo tu."

"Amelala."

"Basi nisimwone. Nitakamua, wewe umpelekee."

Nikamwambia kwamba Kukhu amekataa. Nilikuwa nimeshika fremu za mlango kwa mikono miwili, na moyoni nilijiona shujaa. Hakunisukuma, ingawa angeweza kwa mkono mmoja. Aliweka kikombe chini na kwenda zake.

Alipopotea nikakichukua. Punda alinipiga teke mara mbili kabla sijapata matone ya kujaza kifuniko cha soda. Nilipoyafikisha jikoni, mdomo wa mtoto ulikuwa baridi ndani. Nilimpaka kwenye ulimi. Hakumeza.

Kukhu alirudi mchana akamkuta amekufa. Aliuliza swali moja tu: nani alikuja? Nikasema Mama Njoki. Hakuuliza kama aliingia, na mimi sikusema. Kufikia Jumapili, kanisa zima lilijua kwamba Mama Njoki amemaliza punda wa watu. Wamama waliokuwa wakikaa naye benchi moja wakasogea mbele na watoto wao.

Sasa nina miaka kumi na minane. Niliacha shule kidato cha pili mama yangu alipougua, na mifugo ya nyumbani ni kazi yangu. Nimeshazalisha ndama na mbuzi wa kutosha kujua kwamba maziwa yale ya njano hayangojei kitovu kikauke. Pengine yule mwanapunda angekufa hata hivyo. Alizaliwa mapema mno. Lakini angekufa akiwa amenyonya.

Mwezi uliopita nilimwambia Kukhu yote. Alikuwa anachagua maharagwe, na mikono haikusimama.

"Basi alimwona kupitia ukuta," akasema.

Simlaumu. Akikubali leo, atalazimika kumlilia upya yule aliyemfunika kwa leso yake.

Mama Njoki bado anaishi ng'ambo ya shamba letu la mahindi. Ninaweza kufika kwake kabla chai haijachemka, na bado sijaenda. Neno lenyewe ni fupi. Hakumwona yule mtoto hata mara moja, na katika Ndalu nzima shahidi wake ni mimi, kwa sababu ni mimi niliyemzuia.