Pembe za Lukole

Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wangu mimi walinimalizia mikaratusi kwa kuni. Kwa hiyo Nahimana, mjane wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole, alipofika kwangu Kasulo na kuniamkia, nilimwambia kabla hajaongeza neno, "Marahaba. Kuni sina."

"Sitaki kuni, baba. Nimeleta watoto waone ng'ombe."

Nikacheka. Nyuma yake kweli walikuwepo watoto, miguu imejaa vumbi jekundu, wanamkodolea macho ng'ombe wangu wa pembe ndefu, Bihogo, kana kwamba ni simba.

Nahimana alikuwa akiwafundisha ngoma ya kwao, ile ya kuinua mikono mithili ya pembe ndefu za ng'ombe. Lakini watoto walizaliwa kambini. Walijua foleni ya mahindi na madumu ya maji. Ng'ombe wa pembe ndefu hawakumjua, basi wakiinua mikono utadhani wameshika ndoo kichwani. Mzee Bukuru, msimamizi wa ngoma kambini, alikuwa amemwonya Nahimana kwamba watoto wakiwatia aibu Siku ya Wakimbizi, hatafundisha tena.

"Baba, wangu wote walibaki kule, wameuawa," akaniambia. "Nikinyang'anywa hawa nao, asubuhi nitaamka kwa ajili ya nini?"

Nikamtoa Bihogo zizini.

"Tazameni," Nahimana akawaambia. "Mwili unatembea, pembe zimetulia."

Tangu hapo wakawa wanakuja kila Jumamosi, wakimfuata Bihogo malishoni mikono juu. Majirani wakanicheka kwamba nimefungua shule. Nami, mwenye hasira zangu za mikaratusi, nikajikuta nafoka, "Wewe, Niyokwizera, pembe yako ya kushoto imevunjika, inyanyue!"

Siku ya Wakimbizi nilikwenda Lukole kwa miguu. Mzee Bukuru alikaa mbele, uso umekunjamana. Ngoma zikalia, watoto wakaingia, Niyokwizera akiongoza. Mikono ilipanda, ikatulia, na miguu chini ikaitikisa ardhi. Nilijawa na fahari utadhani nimewazaa mimi.

Bukuru akainuka na fimbo yake. Wazee wa Kirundi huwasifu ng'ombe wao kwa majina, na ng'ombe wa Bukuru wote waliangamia vitani. Akamwelekezea Niyokwizera fimbo, akataja jina la ng'ombe wake mmoja na sifa zake. Akamgeukia wa pili, akataja jingine. Wanawake wakapiga vigelegele kwa kila jina, na Nahimana alisimama kando ya ngoma akilia bila kujifuta.

Kwa mtoto wa mwisho mzee alikwama, kundi lake lilikuwa limekwisha. Akamwuliza Nahimana, "Huyo ng'ombe ninayesikia aliwafundisha ni wa nani?"

Nahimana akanionyesha.

"Mhangaza," Bukuru akaniita kwa kabila langu, "anaitwaje?"

"Bihogo," nikasema.

Akampa mtoto jina hilo, kisha akamwambia Nahimana, "Kesho nitakuletea na wajukuu wangu uwafundishe."