Simu ya Struan Bado Inaita

Mtafiti wa kliniki ya waraibu wa pombe mjini Dundee, Uskoti, hupiga simu akiwa amefumba macho, kidole kikikwaruza ukingo wa meza. Ruzuku ya utafiti inamlipa awaulize waliokuwa wakisubiri matibabu kwa nini hawakufika. Asipojibiwa, husubiri hadi mlio ukatike wenyewe. Siku alipompigia Struan, mmoja wa wagonjwa hao, Ishbel, jirani yake wa meza, alimwambia, “Struan alishafariki, mwenzangu. Unampigia nani?”

“Mbona simu yake bado inaita?”

Akapiga tena, spika ikiwa wazi. Ishbel akasikia pumzi, kisha sauti ya mwanamke mzee. “Mimi mama yake. Huwa naichaji kila jioni.”

Mtafiti akamwomba radhi, akaahidi kutopiga tena.

“Wewe piga tu, mwanangu. Ikilia chumbani kwake, namsikia akiinuka kuipokea.”