Nilivyompanga mkwe acheze golf na mama mkwe wake hapa Bariadi

Habari za saa hizi wakuu.

Hii siyo chai. Nilikuwepo, na nusura ardhi inimeze kwa aibu.

Mnaocheka kwamba Bariadi kuna golf, chekeni mmalize kwanza. Uwanja tunao, upande wa Ngulyati, kwenye malisho ya mzee mmoja muungwana. Kuzunguka mashimo tumeweka mchanga badala ya nyasi laini. Ng'ombe wakipita, tunawasubiri sisi.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi ndiyo imenileta huku. Wenzangu wakanibebesha ukatibu wa mashindano kisa najua kutumia laptop. Kazi yenyewe: kupanga nani acheze na nani, kukusanya kadi, kisha kuingiza score kwenye mfumo ili kila mtu apate handicap yake.

Handicap, kwa wasiojua, ni namba inayopima uwezo wako (ikiwa kubwa, ujue bado mchovu), ili mchovu na fundi washindane kwa haki. Bila hiyo klabu kubwa hazikupokei kwenye mashindano.

Sasa tunaye mama mmoja, nesi mstaafu, siku hizi analima pamba. Tumwite Mama Kabula. Alikuwa na hamu kweli ya kwenda Mwanza kwenye mashindano ya wanawake. Alibakiza kadi moja tu handicap itoke, na kule majina yalikuwa yanafungwa jioni ya Jumapili ile ile ya mashindano yetu.

Nikauachia mfumo upange. Ukampanga na Masunga, dereva wa trekta. Katika golf kila mmoja anahesabu mipigo ya mwenzake na kumsainia kadi.

Kumbe Masunga ndiye kamuoa Kabula, binti wa huyu mama!

Wakuu, familia ile bado inashika ya zamani. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamsogelei. Jamaa alicheza raundi nzima yuko mbali, uso kaelekeza vichakani. Na mimi kule nilikokaa nasema, duh, huyu bwana ana bidii ya kutafuta mipira!

Waliporudi akanipa kadi tupu.

"Katibu, siwezi kusaini. Mama sikumwona akipiga hata mara moja. Ningeanzaje?"

Nikasema basi mama ataje hesabu yake, Masunga asaini, yaishe. Muda ulikuwa unatukimbia.

Mama Kabula akanigeukia kwa sauti ya wodini: "Wewe! Kazi yangu yote sijawahi kuandika presha ambayo sijapima, leo ndiyo nianze? Mkwe wangu yuko sahihi. Narudia."

Jua la mchana lile, na pilau imeshaiva.

Nikachukua kadi mpya, safari hii nikawa mhesabu wake mwenyewe. Kutupa macho nyuma, wenzetu wameacha sahani wanatufuata. Hakuna aliyewaomba.

Na Masunga? Alitangulia mbele kabisa na fimbo, anaswaga ng'ombe watoke njiani, shimo baada ya shimo, bila kugeuka nyuma. Machozi yalinilenga, siwafichi.

Mama alipiga vibaya kuliko asubuhi, kachoka. Lakini kila mpigo niliuona. Nikaingiza score, namba ikatoka kabla majina hayajafungwa.

"Ni nzuri?"

"Ni kubwa, mama."

"Kubwa ndiyo yangu!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akasema kwa nguvu, huku ananitazama mimi: "Katibu, mwambie mkwe wangu wabeja sana." Masunga alikuwa nyuma ya gari, anasikia kila neno. Nikaenda nikamfikishia hiyo asante ya Kisukuma hivyo hivyo. Akainamisha kichwa, akaniambia nimwambie mama asafiri salama. Nikarudi nikasema. Tarishi wa mwendo mfupi kuliko wote duniani!

Mwanza alikwenda. Alishika mkia, na karudi anatamba.

Funzo langu: mfumo unajua namba, haujui ukwe. Siku hizi kabla ya kupanga nauliza nani kaoa kwa nani, wacha wanicheke. Ila nawashukuru sana wale wawili. Pale nilikuwa tayari kuingiza uongo kwa jina la mtu mkweli, na wao ndio walionizuia.

Nyie huko mliko, ratiba zenu zimeshawahi kugongana na mila? Shusheni tusome. Ila lugha iwe ya adabu, Mama Kabula uzi huu nimemwonyesha na comment zote anazisoma.