Mama Chanuo na Milango Thelathini na Minne

Alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Februari mwaka wa 1951, mtoto wa saba wa mwashi na mkewe fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa na watu kumi na mmoja, mbali na majirani ambao idadi yao haikujulikana kamwe. Wanaomkumbuka utotoni husema alianza kuongea kabla ya kutembea, na alipoanza kutembea alikwenda moja kwa moja nyumba ya pili kueleza yaliyotokea kwao. Alibatizwa akiwa na wiki sita. Kusuka alifundishwa na shangazi yake, na alipofikisha miaka kumi tayari alikuwa akichora mistari kichwani mwa mtu bila kutazama, kwa sababu macho yalikuwa mlangoni yakiangalia nani anapita. Chanuo lake hakuliweka mfukoni wala kapuni; alilichomeka katika nywele zake mwenyewe, hata kanisani, na ndipo alipopata jina la Mama Chanuo, na wengi wetu hatukumjua kwa lingine.

Mwaka wa 1973 aliolewa na fundi wa magari, mtu mpole ambaye, kwa maneno ya mkewe, alipewa neno moja kwa siku na alilitumia kuomba chumvi. Mwaka huohuo alifungua saluni katika chumba cha mbele: viti vitatu, beseni la kuoshea nywele, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la watu watano ambalo kila siku lilikaliwa na wanane. Nusu yao hawakuja kusuka. Saluni ile ndiyo iliyokuwa mahakama ya mtaa. Mteja akishakaa kitini, kichwa chake kiko mikononi mwa msusi kwa saa tatu. Yeye hana pa kwenda, na msusi hana pa kutazama ila kisogo. Kinachobaki ni midomo. Pale watu walishitakiwa bila kuwapo, wakahukumiwa bila kuulizwa, na kesi ikafungwa kabla nywele hazijakauka. Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtumishi wa Mungu. Mwenyewe aliagiza yaandikwe, na alisema wanaoandika maisha ya watu wema wana tabia ya kufagia uchafu chini ya mkeka.

Mwezi wa Mei mwaka wa 1984 alifariki fundi saa wa mtaa ule, mtu wa makamo aliyeanguka mezani wakati wa chakula cha jioni. Mazishini mkewe alisimama wima, macho makavu, akawashika watoto wake wawili, binti wa miaka sita na mvulana wa miaka miwili, wala hakupiga yowe. Siku ya tatu Mama Chanuo alikuwa akimchana mke wa mwalimu. "Mmemwona yule?" akasema. "Hata chozi moja. Mie nauliza tu jamani, yule bwana jioni ile alikula nini?"

"Na asubuhi alikuwa mzima," akajibu mmoja wa benchi.

"Haya, mie sijasema kitu. Nimeuliza."

Swali lile lilitoka saluni likiwa swali. Lilipofika sokoni lilikuwa jibu, na lilipofika kwa ndugu wa marehemu lilikuwa na jina la sumu, rangi yake, na duka iliponunuliwa. Kabla ya mwezi kwisha, mjane alitolewa nyumbani na furushi moja la nguo. Watoto walizuiliwa. "Hatuwezi kumwachia damu yetu mtu wa namna ile," akasema kaka mkubwa wa marehemu, na mtaa mzima ukaona amesema sawa. Mjane alikwenda mji mwingine akapata kazi ya dobi katika nyumba ya wageni. Saluni ilimzungumzia majuma mawili, ikamchoka.

Wito wa Mama Chanuo ulimfikia miaka miwili baadaye, naye hakuwa kanisani wala hakuwa akisali. Alikuwa amemkalisha kitini wifi wa yule mjane. "Jana tumefungua droo ya marehemu," akasema huyu mama, "chini ya mikanda ya saa tukakuta kadi ya kliniki. Kumbe kaka alikuwa na ugonjwa wa moyo. Miaka miwili anahudhuria kimyakimya, hata mkewe hajui."

"Kwa hiyo yule mwanamke hakufanya kitu," akasema mtu wa benchi.

"Basi hakufanya. Mama Chanuo, usinibane hapo nyuma ya sikio."

Mazungumzo yakahamia kwenye sare mpya za kwaya. Wote walioshuhudia wanakubaliana kwamba msusi alisimama na chanuo hewani, akatazama mdomo mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja uliorudisha ulichokisema. Alieleza baadaye kwamba saa ile aliiona Siku ya Hukumu: hakuona moto wala tarumbeta, aliona benchi lake mwenyewe, na yule mjane ameketi katikati, na kila mtu akingoja asikie kilichosemwa. Alimaliza kichwa kile, akafunga mlango saa nane mchana, akaenda kuungama.

Paroko wa wakati ule, mzee asiyependa kuzungukazunguka, alimpa maondoleo kisha akamwambia: "Dhambi imeondolewa. Maneno bado yanatembea mitaani. Nenda ukayarudishe." Mwingine angelia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Yeye alikwenda kuyazoa. Akumbuke vipi alimwambia nani, miaka miwili imepita? Lakini msusi ana kumbukumbu yake: huyu hufumua kila wiki ya tatu, yule huja mkesha wa sikukuu, huyu mwezi ule alikuwa na mba. Kwa vichwa akawapata wanawake thelathini na wanne, na kuanzia Jumatatu iliyofuata akaanza kubisha hodi. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nilikwambia jambo juu ya mke wa fundi saa. Lilikuwa uongo, na mwanzo wake ni mimi. Nimekuja kulichukua. Na kama ulimpa mwingine, nitajie nimfuate."

Hakupokelewa kama mtakatifu. Mke wa mwalimu alimuuliza kama amelogwa. Muuza mkaa alikataa katakata kurudisha: "Ile habari ilikuwa yangu, mwenzangu. Mie ndiye niliyekupa wewe. Usiniibie." Mwingine alimfungia mlango, akamwambia kupitia dirishani, "Mie nilisikia tu, masikio hayana mlango," na Mama Chanuo akajibu kwamba ni kweli, ila mdomo unao. Alipomaliza milango thelathini na minne, saluni ilikuwa tupu. Wanawake waliogopa kwamba anayetubu ya kwake atatubu na ya kwao. Shoga yake wa tangu utoto alimwambia wazi: "Saluni bila habari ni chumba cha kungojea daktari. Nani atakaa saa tatu humo?" Kwa mtu aliyezaliwa katika watu kumi na mmoja, adhabu hiyo ilimfika kuliko nyingine zote. Benchi lilikaa wazi miezi mitano. Mumewe, tunaambiwa, alivuka kipimo chake cha siku: alikaa kwenye lile benchi kila jioni, akasema, "Nisimulie mimi."

Jaribu la pili lilikuwa watoto. Alikwenda kwa kaka mkubwa wa marehemu, akapiga magoti uani mbele ya watu. "Watoto wametuzoea," akasema yule bwana. "Na kadi ni karatasi tu." Alirudi mara nane. Mwishowe alilifikisha jambo mbele ya baraza la mtaa, akatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, swali kwa swali, mpaka mwenyekiti akamwomba apumzike. Mwaka wa 1988 baraza liliamua watoto warudi kwa mama yao. Aliwapeleka yeye pamoja na shangazi yao kwa basi, binti sasa ana miaka kumi na mvulana sita.

Mjane aliwapokea watoto, akawaingiza ndani, akarudi kwenye meza yake ya kupigia pasi. Hakupaza sauti. "Jino la kwanza la binti yangu liling'oka mimi sipo," alisema, huku akinyoosha shuka. "Mwanangu ananiita shangazi. Hayo utayarudisha kwa mlango upi?" Akaweka pasi kando. "Basi usiniombe msamaha, sina. Tutaonana mbele ya Mungu. Pale ndipo nitakaposema, na watu wote watasikia."

"Sema, dada," akajibu Mama Chanuo. "Sitakukatiza."

Waliomfahamu wanajua uzito wa ahadi hiyo katika kinywa kile. Aliposimama kuondoka aliuliza kama anaweza kuja tena mwaka ujao, mwezi wa Mei. Mjane alipindua shuka. "Njoo," alisema. Ikawa hivyo kila Mei: anabisha, anasalimu, anajibiwa salamu, anasimama barazani kitambo, anauliza, anaambiwa "njoo," anarudi stendi. Hakukaribishwa kiti. Mara kumi na tisa, kuanzia ile ya kwanza hadi ya mwaka wa 2006.

Katika miaka hiyo saluni ilijaa tena, kwa sababu mwenye saluni alikuwa na ucheshi usioweza kukaa bila watu. Ila alikuwa ametenga kiti kimoja kati ya vitatu, na mtu akianza kumsema mwenzake alikionyesha kwa chanuo: "Mwenyewe kakaa pale. Endelea." Wengi waliendelea, na mambo yao yalikuwa mema kuliko walivyokusudia. Wanawake wa jumuiya walianza kumuuliza habari za mambo ya mwisho, yanayowatisha watu wazima kama giza linavyowatisha watoto. "Wewe huogopi hukumu?" mmoja alimuuliza. "Unajua kabisa kuna mtu anakungoja."

"Naogopa sana," alisema. "Lakini nyie fikirini siku hiyo isingekuwapo. Yule dada angemwambia nani? Angekufa na jambo lake kifuani, nami ningekufa nimeshinda kesi. Mungu anayehukumu ndiye anayemsikiliza aliyenyimwa nafasi ya kusema." Na mkwe mmoja, aliyekuwa akitumaini kwamba mbinguni atapewa makao mbali na mama mkwe wake, Mama Chanuo alimjibu huku akimfunga uzi: "Kule nyumba ni moja, mwanangu, na imejaa. Ndiyo maana tunahukumiwa kwanza, ili tuweze kukaa pamoja. Uzima wa milele ni mrefu. Huwezi kumnunia mtu milele yote." Hatuna maandishi mengine ya mafundisho yake. Haya yalisemwa kati ya kuosha na kukausha, na walioyasikia wameyatunza.

Mapema mwaka wa 2007 ini lilimlaza. Mei ilipita bila safari. Alhamisi tarehe 7 Juni, mchana, chumba kikiwa kimejaa wanawake waliokuja kumwombea na kumtania, mlango ulibishwa, akaingia mama wa makamo mwenye mkono ulioungua pasi. Wachache walimtambua.

"Mwaka huu hukuja," alisema mjane wa fundi saa.

"Miguu imegoma, dada."

"Usije ukafurahi bure. Sikuja kukusamehe." Alibaki amesimama. "Nimekuja kukwambia nitakavyosema kule, usije ukashtuka. Nitasema swali lako la saluni. Nitasema jino la binti yangu. Nitasema mwanangu alichukua mwaka mzima kuniita mama. Halafu nitasema milango thelathini na minne, maana wale wanawake walinifuata mmoja mmoja wakanieleza. Nitasema baraza. Nitasema mara kumi na tisa ulisimama barazani kwangu, na mimi sikukupa hata kigoda. Sitaruka kitu."

"Usiruke," akasema Mama Chanuo. Kisha akawaambia wanawake, "Sogeeni, dada akae."

Walisogea, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakuondoka siku tatu. Jumapili ya tarehe 10 asubuhi, kengele ya misa ya pili ikilia, Mama Chanuo alitoa roho, na mjane ndiye aliyemfumba macho. Alipoulizwa na watu kama hatimaye alikuwa amesamehe, alijibu kwamba hilo ni lake, na la marehemu, na la Mungu, na akaomba asiulizwe tena. Tunaliheshimu ombi lake.

Kanisa bado halijatamka neno juu ya mtumishi huyu, nasi hatulitangulii. Tunataja tu yanayosemwa. Dada wawili wa tumbo moja, wasiosemeshana kwa miaka kumi na mmoja, walikutana kaburini pake bila kupatana siku, wakaondoka wameshikana mikono. Mhudumu wa hospitali aliyesingiziwa wizi wa dawa alisali pale, na juma lilelile aliyemsingizia alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake akasema ukweli. Mwanamke mmoja alikwenda kuomba jirani yake apatwe na balaa, akashikwa na kwikwi ambayo haikumwachia mpaka alipombishia hodi huyo jirani. Daktari anasema kwikwi ni kwikwi, na mwanamke anasema daktari hakuwapo. Katika parokia ile, wanaotaka kuungama dhambi ya ulimi huulizwa kwanza wamebisha milango mingapi. Na katika faili la ushuhuda lililokusanywa na paroko, maelezo ya mjane ndiyo ya kwanza, marefu na makali kuliko yote, na hayajaruka kitu.

Anayetaka kumfuata asianze na kaburi lake. Atafute kwanza neno moja alilolitoa likaenda, amkumbuke aliyempa, akabishe. Huenda akafungiwa. Huenda akasamehewa, au asisamehewe hapa duniani. Hilo si lake kulipanga. Siku ya Bwana kila aliyeonewa atapewa nafasi ya kusema, na hakuna atakayemkatiza. Heri yule ambaye mshitaki wake, akishamaliza shitaka, atakuwa bado na mengine ya kusimulia.