Mivukuto ya Mhunzi

Siku hizi mhunzi wa Ndandalo ana feni ya umeme inayopuliza tanuri lake. Lakini Keziya alipompelekea jembe la marehemu mama yake, lenye ufa karibu na shingo, mhunzi alilipapasa kwa kidole gumba chenye kovu la moto, akaizima feni, akaiangua mivukuto ya ngozi ukutani. "Chuma kimekonda, mwanangu," alisema. "Feni itakiunguza." Akaketi, akawa anaikandamiza polepole, kichwa kikiinama kila mkono uliposhuka, vilevile kama zamani Keziya alipokuwa akija hapa na mama yake kabla ya msimu wa mpunga. Makaa ya mawe yalikuwa yamevikwa majivu, ungedhani yamekufa. Alipoibana ngozi kwa nguvu, hewa iliyasukuma yakaiva mekundu, alipoilegeza, yakafifia. Keziya akaisikia tena ile pumzi nzito, na harufu iliyokuwa ikibaki kwenye kitenge cha mama mpaka nyumbani.

Mhunzi, ambaye hufoka hata anaposalimia, aliligonga jembe taratibu mpaka ufa ulipoungana. Keziya akamwomba anyooshe na makali, maana yalikuwa yamelika upande mmoja tu. "Hapana," mhunzi alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako alikuwa wa mkono wa kushoto. Nikiyanyoosha haya, nitamfuta." Keziya akalipokea jembe kwa mikono miwili. "Ndaga, baba," alishukuru. Kesho yake alilima nalo karanga, na tuta la kwanza likapinda kama yalivyokuwa yakipinda ya mama yake. Akaliacha hivyo hivyo.